Mateka wa Vita Katika Viwanda vya Silaha: Haki Haifutiki kwa Kubadilishwa Jina

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote, aliyejiharamishia dhulma na akaiharamisha baina ya waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Ndugu wanafunzi, katika somo la historia sote tunasoma habari za Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945). Tunakariri tarehe, majina ya majemadari na majina ya miji iliyotekwa. Lakini ni mara chache tunajiuliza swali moja jepesi: Ujerumani ilipowapeleka wanaume wake kwa mamilioni katika medani za vita, ni nani aliyebaki kuchimba makaa ya mawe, kuyeyusha chuma na kuunda mizinga?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watu waliolazimishwa. Kufikia mwezi wa Agosti 1944 walikuwapo nchini Ujerumani wafanyakazi wa kigeni wapatao milioni 7.6. Kati yao karibu milioni 1.9 walikuwa mateka wa vita, na waliobaki walikuwa raia, wengi wao wakiwa wametolewa makwao kwa nguvu. Kwa ufupi, katika kila wafanyakazi wanne nchini humo, mmoja alikuwa mgeni.

Katika makala hii tutawazungumzia hasa wale mateka wa vita. Tutaeleza sheria ilisema nini juu yao, ilivunjwa kwa njia gani, na sisi wanafunzi wa Kiislamu tunapata funzo gani.

MATEKA WA VITA NI NANI?

Mateka wa vita ni askari aliyekamatwa na adui akiwa hai. Si mhalifu, kwa sababu alikuwa akiitumikia nchi yake kama askari wa upande wa pili alivyokuwa akiitumikia yake. Wala si mtumwa, kwa sababu hakuna aliyemmiliki. Anazuiliwa kwa sababu moja tu, nayo ni kumzuia asirudi vitani. Vita vikimalizika anatakiwa arudishwe kwao.

Kwa hiyo aliyemshika mateka ameshika amana. Mateka hana silaha, hana jamaa wa kumtetea, na chakula chake kinatoka mkononi mwa adui yake. Hapo ndipo tabia ya mtu, na ya taifa zima, inapojulikana.

SHERIA ILISEMAJE KABLA YA VITA?

Wapo wanaodhani kwamba mateka waliteswa katika vita vile kwa sababu sheria hazikuwapo. Jambo hilo si kweli. Kanuni za The Hague za mwaka 1907 ziliruhusu mateka wafanyishwe kazi, isipokuwa maafisa, kwa sharti kwamba kazi hiyo isiwe nzito kupita kiasi na isihusiane na shughuli za vita.

Kisha, tarehe 27 Julai 1929, ukatiwa saini mjini Geneva, Uswisi, mkataba maalumu kuhusu mateka wa vita. Mkataba huo ulifafanua mambo kwa urefu zaidi. Saa za kazi za mateka zisizidi zile za raia wanaofanya kazi kama hiyo katika eneo lile. Apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Asipewe kazi ya hatari au ya kudhuru afya. Alipwe ujira. Na juu ya yote, kifungu cha 31 kilikataza waziwazi kuwatumia mateka katika kutengeneza au kusafirisha silaha na risasi za aina yoyote.

Hekima ya kifungu hicho haihitaji maelezo marefu. Kombora atakalolitengeneza mateka litakwenda kuwaua ndugu zake. Kumlazimisha kufanya hivyo ni kuutumia mkono wake dhidi ya watu wake mwenyewe, na hiyo ni adhabu kubwa kuliko njaa.

Ujerumani iliutia saini mkataba huo, na mwaka 1934, Hitler akiwa tayari yumo madarakani, ikauridhia. Basi hawezi mtu kusema kwamba hawakujua.

KWA NINI WALIWAHITAJI MATEKA?

Vita vya kisasa vinakula watu pande mbili. Vinataka vijana wa kwenda mstari wa mbele, na vinataka mikono viwandani ili vijana hao wasikose risasi, magari na mafuta. Ukiwachukua wafanyakazi ukawafanya askari, viwanda vinabaki vitupu. Ukiwaacha viwandani, jeshi linapungua.

Ujerumani ilianza kuwatumia mateka mapema. Mwaka 1939 ilipoishinda Poland iliwapeleka mateka wa Kipolandi mashambani kuvuna. Mwaka 1940 ilipoishinda Ufaransa ilikamata askari wapatao milioni 1.8, na wengi wao wakapelekwa Ujerumani kufanya kazi katika mashamba, machimbo na viwanda. Mwezi wa Machi 1942 Hitler alimteua Fritz Sauckel kuwa msimamizi mkuu wa kutafuta nguvukazi. Kazi ya Sauckel ilikuwa kukusanya watu kutoka nchi zote zilizotekwa na kuwagawa penye upungufu, hasa katika viwanda vya silaha vilivyokuwa chini ya waziri Albert Speer.

MATEKA WA KISOVIETI: WALIACHWA WAFE, KISHA WAKATAKIWA KAZINI

Walioteseka zaidi miongoni mwa mateka walikuwa askari wa Umoja wa Kisovieti. Ujerumani iliivamia nchi hiyo tarehe 22 Juni 1941, na katika miezi michache ikakamata mamilioni ya askari. Miongoni mwao walikuwamo Warusi, Waukraine na Wabelarusi, na pia Waislamu wengi kama Watatari, Wauzbeki na Wakazaki. Baadhi ya hao Waislamu walipigwa risasi mwanzoni mwa vita kwa sababu walikutwa wametahiriwa, wakadhaniwa kuwa Mayahudi. Na Mayahudi wenyewe, pamoja na maafisa wa kisiasa wa jeshi hilo, waliuawa kwa makusudi kila walipotambuliwa.

Viongozi wa Ujerumani walitoa hoja kwamba Umoja wa Kisovieti haukuutia saini mkataba wa 1929, hivyo mateka wake hawana haki. Yupo aliyewapinga kutoka ndani yao wenyewe. Tarehe 15 Septemba 1941 Admeri Wilhelm Canaris, mkuu wa upelelezi wa kijeshi, alipeleka waraka kueleza kwamba hata bila mkataba ule zipo kanuni za mataifa yote: kumshika mateka si kisasi wala si adhabu, ni kumzuia tu asirudi vitani, na ni haramu kumuua au kumdhuru mtu asiyeweza kujitetea. Jemadari Wilhelm Keitel akaukataa waraka huo. Alijibu kwamba fikra hizo ni za vita vya kiungwana, na kwamba wao walikuwa katika kuiangamiza itikadi ya adui.

Matokeo yake yalikuwa mabaya mno. Mateka walizungushiwa seng'enge uwanjani, bila paa, katika baridi kali, wakiwa na chakula kidogo au bila chakula kabisa. Homa ya chawa ikawamaliza. Kufikia Februari 1942 wapatao milioni mbili walikuwa wamekwisha kufa. Kwa vita vyote, kati ya mateka wa Kisovieti wapatao milioni 5.7, takriban milioni 3.3 hawakutoka wakiwa hai.

Sasa tazameni jinsi dhulma inavyojipinga yenyewe. Wajerumani walitarajia vita vimalizike kabla ya majira ya baridi. Havikuisha. Viwanda vikapungukiwa na watu, na tarehe 31 Oktoba 1941 Hitler akaamuru mateka wa Kisovieti waletwe kufanya kazi. Lakini wengi wa wale waliotakiwa walikuwa makaburini tayari, na waliosalia hawakuwa na nguvu ya kuinua sururu. Mwezi uliofuata maofisa wa chakula walikaa kikao wakapanga mkate maalumu wa mateka wa Kirusi. Nusu yake ilikuwa pumba za nafaka ya rai, moja ya tano masalia ya viazi vya sukari vilivyokwisha kukamuliwa, moja ya tano unga wa nyuzi za miti, na kilichobaki kilikuwa unga wa mabua au majani. Mtu aliyelishwa mkate huo ndiye aliyetarajiwa kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi.

KAZI ILIVYOPANGWA

Ndugu msomaji, tusidhani kwamba mambo haya yalifanywa na askari wakatili peke yao. Ulikuwapo utaratibu kamili wa kiofisi.

Mateka aliandikishwa katika kambi kuu na kupewa namba. Kiwanda kilichopungukiwa na wafanyakazi kilipeleka maombi katika ofisi ya kazi. Maombi yakikubaliwa, kambi ilitoa kikosi cha mateka pamoja na walinzi, na mkataba ukaandikwa. Kiwanda kiliilipa kambi kwa hesabu ya vichwa na siku. Humo yakakatwa ya chakula na malazi, na kilichosalia, ambacho kilikuwa kidogo sana, mateka alipewa kwa noti za kambini zisizotumika dukani pengine popote. Wa Kisovieti walipata kidogo zaidi kuliko wengine.

Hivyo kila mateka alipita katika mikono mingi kabla hajafika kwenye mashine. Karani alimwandika, mhasibu akamkadiria gharama, mhandisi akampangia zamu, daktari akampima kama anafaa, na nyapara akamsimamia. Wengi wa watu hao hawakumpiga hata kofi. Kila mmoja alifanya kipande chake akarudi nyumbani jioni kwa watoto wake.

Katika baadhi ya migodi na viwanda ukaanzishwa mpango wa kulisha kwa kadiri ya kazi. Aliyefikia kiwango aliongezewa chakula, na asiyefikia alipunguziwa, ili sehemu yake apewe mwenye nguvu. Katika daftari la hesabu mpango huu ulionekana wa busara. Kwa mateka ulikuwa na maana moja: aliyedhoofika leo, kesho alidhoofika zaidi, na keshokutwa hakuamka.

Mfano mmoja unatosha. Katika mji wa Essen kilikuwapo kiwanda mashuhuri cha Krupp, kilichotengeneza mizinga na vifaru. Daktari mkuu wa kambi za wafanyakazi wa Krupp, Wilhelm Jäger, alieleza kwa kiapo baada ya vita kwamba mateka wa Kifaransa wa kambi ya Nöggerathstrasse waliishi karibu nusu mwaka ndani ya vibanda vya mbwa. Kila kibanda kilikuwa na kimo cha futi 3, urefu wa futi 9 na upana wa futi 6, na walilala humo watu watano. Waliingia kwa kutambaa.

MCHEZO WA MAJINA

Hapa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Mkataba wa 1929 ulimlinda "mateka wa vita". Basi wakubwa wakagundua hila: kama hutaki kumpa mtu haki za mateka, usimwite mateka.

Hila hii ilianza kwa Wapolandi. Mwaka 1940 wengi wa mateka wa Kipolandi "waliachiliwa" kwenye makaratasi, wakaandikwa upya kuwa wafanyakazi raia. Hawakwenda makwao. Walibaki palepale, katika kazi ileile, ila sasa hawakuwa na mkataba wa kuwalinda.

Mwaka 1943 ikaja zamu ya Wafaransa. Zaidi ya mateka laki mbili walibadilishwa kuwa "wafanyakazi huru", wengine kwa kushawishiwa na wengine kwa kushurutishwa. Walipata ruhusa ya kutembea na ujira bora kidogo. Lakini sasa ingeweza kusemwa kwamba wakiunda silaha si kosa, kwa kuwa wao si mateka tena.

Kisa cha tatu ni cha Waitalia, nacho ndicho kichungu kuliko vyote kwa upande wa majina. Italia ilikuwa rafiki wa Ujerumani. Ilipotangaza kusimamisha vita tarehe 8 Septemba 1943, Wajerumani waliwageukia askari wa Kiitalia, wakawanyang'anya silaha na kuwachukua zaidi ya laki sita. Waliambiwa wachague: wapigane upande wa Ujerumani au wafungwe. Wengi wao wakakataa kupigana. Hitler akaamuru wasiitwe mateka wa vita, bali "Waitalia wa kijeshi waliozuiliwa". Kwa maneno hayo machache wakakosa kinga ya mkataba na msaada wa Msalaba Mwekundu. Wakapelekwa viwandani na migodini, na makumi ya maelfu wakafa. Mwaka 1944 wakabadilishwa jina tena, wakawa wafanyakazi raia.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Mwaka 2000 Ujerumani ilianzisha mfuko wa marka bilioni 10, nusu ukitoka serikalini na nusu kwa makampuni, kuwalipa fidia watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Watu zaidi ya milioni 1.6 walilipwa. Lakini sheria ya mfuko huo iliwaacha nje waliokuwa mateka wa vita. Wazee wa Kiitalia walipopeleka maombi yao wakajibiwa kwamba hawastahiki, kwa sababu kisheria walikuwa mateka wa vita! Wakati jina la mateka lingewapatia chakula walinyimwa jina hilo. Wakati lilipowanyima fidia, ndipo wakapewa.

KIWANDA KIMOJA, HALI MBALIMBALI

Huenda msomaji akauliza: je, mkataba ulikuwa na faida yoyote ikiwa ulivunjwa namna hii? Ndiyo, ulikuwa nayo, na ushahidi wake uko Monowitz, karibu na Auschwitz, katika nchi ya Poland iliyokuwa imetekwa. Hapo kampuni ya I.G. Farben ilijenga kiwanda kikubwa cha mpira na mafuta ya kutengenezwa kwa kemikali.

Katika eneo hilohilo la ujenzi walifanya kazi mateka wa Kiingereza zaidi ya elfu moja, na wafungwa wa kambi ya mateso, wengi wao Mayahudi. Waingereza walilazimishwa kazi, na mwezi wa Agosti 1944 wapatao 38 kati yao waliuawa na mabomu ya ndege za Marekani. Hata hivyo walipata vifurushi vya Msalaba Mwekundu, barua kutoka kwao, na wakaguzi waliokuja kuwatazama. Wengi wao walirudi makwao. Wale Mayahudi hawakuwa na mkataba wala mkaguzi. Walikufa kwa maelfu kwa njaa na kazi, na aliyeshindwa kazi alipelekwa kuuawa kwa gesi. Karatasi ya mkataba ilipoheshimiwa, hata kwa nusu, ilikuwa ndiyo tofauti baina ya uhai na mauti.

HAIKUWA UJERUMANI PEKE YAKE

Uadilifu unatutaka tuseme na ya wengine. Katika Asia, Japani ilikuwa imeutia saini mkataba wa 1929 lakini haikuuridhia. Iliwatumia mateka wapatao elfu 60 wa Uingereza, Australia, Uholanzi na Marekani kujenga reli ya kilomita 415 baina ya Siam na Burma mwaka 1942 na 1943, na zaidi ya elfu 12 wakafa. Wafanyakazi wa Kiasia waliokufa katika reli hiyo walikuwa wengi zaidi mara nyingi, nao hawatajwi sana. Mateka wengine walipakiwa melini kwenda Japani kufanya kazi katika migodi na viwanda vya meli. Mwaka 2015 kampuni ya Mitsubishi Materials iliwaomba radhi mateka wa Kimarekani waliofanyishwa kazi katika migodi ya kampuni iliyoitangulia.

Washindi nao hawakuwa malaika. Baada ya vita kwisha, Ufaransa iliwatumia mateka wa Kijerumani kutegua mabomu yaliyofukiwa ardhini. Uingereza ilibaki nao mashambani mpaka mwaka 1948. Umoja wa Kisovieti uliwatumia kwa kazi za sulubu, na wa mwisho wao hawakurudi makwao mpaka kufikia 1956.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki walikuwapo mateka. Baada ya jeshi la Italia kushindwa Ethiopia na Somalia mwaka 1941, Waingereza waliwaleta Kenya Waitalia wengi na kuwaweka katika kambi kama za Nanyuki na Naivasha. Baadhi yao walijenga barabara ya kuteremkia Bonde la Ufa, upande wa Mai Mahiu. Kanisa dogo walilolijenga kando ya barabara hiyo mwaka 1942 linaonekana na kila msafiri anayepita.

HUKUMU BAADA YA VITA

Vita vilipokwisha wakubwa wa Kijerumani walishitakiwa mjini Nuremberg. Mahakama iliutaja ule waraka wa Canaris na kusema kwamba ulieleza sheria kwa usahihi. Keitel na Sauckel walinyongwa tarehe 16 Oktoba 1946. Speer alifungwa miaka 20.

Katika kesi nyingine walishitakiwa wenye viwanda. Viongozi wa Krupp walijitetea kwamba kuwatumia mateka wa Kifaransa katika silaha kulikubaliwa na serikali ya Ufaransa iliyokuwa Vichy. Mahakama ikakataa hoja hiyo, kwa kuwa serikali ile ilikuwa mkononi mwa Ujerumani, na mapatano ya kuwafanya watu waunde silaha dhidi ya nchi yao hayana nguvu kisheria. Mwaka 1948 Alfried Krupp alihukumiwa kifungo cha miaka 12, lakini mwaka 1951 akaachiliwa na kurudishiwa mali yake.

Tarehe 12 Agosti 1949 mataifa yakaandika mkataba mpya wa Geneva, na yakaziba ile njia ya hila. Mkataba huo unasema kwamba mateka hawezi kuzikana haki zake, hata kwa hiari yake, na kwamba serikali haziwezi kupatana kumpunguzia. Ikiwapo shaka kama mtu aliyeshiriki vita ni mateka au si mateka, atalindwa kama mateka mpaka mahakama iamue. Kutegua mabomu nako kukatajwa kuwa ni kazi ya hatari, asiifanye mateka ila kwa kujitolea.

Ama wale mateka wa Kisovieti, walingoja sana. Mwezi wa Mei 2015, miaka 70 baada ya vita, bunge la Ujerumani liliidhinisha kila aliyebaki hai alipwe yuro 2,500. Wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

UISLAMU UNASEMAJE?

Tumekwisha kusoma kwamba katika vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, Waislamu walikamata mateka wapatao 70. Mtume (S.A.W.) aliwausia masahaba wawatendee wema. Abu Aziz bin Umair, ndugu wa Mus'ab (R.A.), aliyekuwa miongoni mwa mateka hao, alisimulia kwamba Ansari waliomshika walimpa yeye mkate, nao wakala tende, kwa sababu ya usia ule. Na mkate wakati huo Madina ulikuwa adimu kuliko tende. Ulinganisheni mkate huo na ule wa mabua.

Mateka hao pia walipewa kazi. Wale waliojua kuandika na hawakuwa na mali ya kujikomboa walitakiwa wawafundishe watoto wa Ansari, kila mmoja watoto 10, kisha wawe huru. Wanahistoria wametaja kwamba Zaid bin Thabit (R.A.), mwandishi wa wahyi, alikuwa miongoni mwa watoto waliofundishwa hivyo. Kazi ile haikumdhuru mateka wala watu wake, ilikuwa na mwisho unaojulikana, na mwisho wake ulikuwa uhuru.

Qur'ani nayo, katika Suratul Insan aya ya 8, inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka ilhali wao wenyewe wanakipenda chakula hicho. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba waliomo chini ya mikono yetu ni ndugu zetu, tuwalishe tunachokula na tusiwatwike wasichokiweza. Na amesimulia kwamba Allah (S.W.) atakuwa hasimu Siku ya Kiyama wa mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na wa mtu aliyemtumikisha mwenziwe akaitimiza kazi kisha asimpe ujira wake.

Wala hatudai kwamba kila aliyejiita Mwislamu aliyafuata mafundisho hayo. Historia ya pwani yetu wenyewe ina kurasa nzito za biashara ya watumwa, na waliojitajirisha kwayo walikuwamo wanaosali. Mafundisho ni hoja juu yetu kabla hayajawa hoja juu ya wengine.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Jina halibadilishi hukumu. Wanazuoni wa fikihi wametuwekea kanuni kwamba katika mikataba kinachozingatiwa ni makusudio na maana, si matamshi. Na Mtume (S.A.W.) alitutahadharisha na watu watakaokunywa pombe kwa kuipa jina jingine. Ukisikia mtu anabadilishiwa jina, uliza kwanza ni haki gani anayotaka kupokonywa.

2. Dhulma kubwa inahitaji watu wengi wadogo. Miongoni mwetu watatoka makarani, wahasibu, wahandisi na madaktari. Asiseme mtu kesho kwamba alikuwa akijaza fomu tu. Kalamu nayo itaulizwa.

3. Chuki isituzuie kufanya uadilifu, kama tunavyofundishwa katika Suratul Maida aya ya 8. Canaris aliandika haki ya adui zake wakati vita vimepamba moto. Kumtetea unayempenda hakuhitaji imani kubwa.

4. Sheria njema ni lazima ilindwe na watu wenye taqwa. Mkataba wa 1929 ulikuwa mzuri, lakini karatasi haiwezi kumzuia mtu asiyemcha Mola wake wala asiyewaonea haya watu.

5. Haki icheleweshwayo huwakuta wenyewe wamekufa. Tulipe ujira wa anayetufanyia kazi kabla jasho lake halijakauka, awe mtumishi wa nyumbani, mpagazi wa sokoni au fundi.

Ndugu wanafunzi, vita havijaisha duniani, na mateka wapo mpaka leo. Huenda hatutashika mateka maishani mwetu. Lakini kila mmoja wetu atapewa siku moja mamlaka juu ya mtu asiyeweza kujitetea, na hapo ndipo tutakapotahiniwa.

Tunamwomba Allah (S.W.) atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa, awafariji wote walioshikwa mateka bila haki popote walipo, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaozitekeleza amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.